Umoja wetu wa wauza dagaa uliwahi kumchangia mgombea. Safari hii naomba tusirudie

Mama wa Kibirizi (mtoa mada)

Wanabodi, salaam kutoka Kigoma.

Alhamisi iliyopita wapambe wawili wa mtia nia mmoja walikuja kwenye kikao cha umoja wetu pale Kibirizi. Walikuja na soda kreti tatu na maneno matamu. Kura zetu hawakuzitaja sana. Walichotaka ni umoja uchangie "kamati ya ushindi", halafu mwenyekiti wetu aingizwe kwenye kamati hiyo upande wa fedha. Wakasema akishinda, mlango wake ni wetu.

Wenzangu wengi walipiga makofi. Mimi moyo uliniruka, kwa sababu maneno hayo nimeshayasikia, karibu neno kwa neno, na gharama yake naijua.

Uchaguzi mmoja huko nyuma, mwaka wake siutaji na mhusika simtaji, umoja wetu ulikuwa na wanachama 64. Wengi ni akina mama tunaonunua dagaa kwa wenye vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, alfajiri, tunaanika, tunafunga magunia na kusafirisha. Wachache wanauza mawese ya madumu. Kila mmoja alitoa elfu mbili kwa wiki. Ulikuwa mfuko wa kufa na kuzikana, na ziada yake tulipanga siku moja tujenge chanja za kisasa zenye paa, maana mvua ikikukuta umeanika mchangani, mzigo wa laki tano unageuka chakula cha kuku.

Akaja mgombea. Akatuahidi mambo mawili: paa la kuanikia, na kuondoa ushuru tuliokuwa tunatozwa mara mbili, mwaloni na tena getini. Viongozi wetu wakatoa milioni tatu na laki mbili kutoka mfukoni. Hapakuwa na karatasi. Kura ya wanachama haikupigwa, tuliambiwa tu kwamba "kamati imeamua". Tukavaa fulana, tukaimba.

Akashinda.

Miezi minane baadaye tukatuma wajumbe watano, mimi nikiwa mmojawapo. Tulisubiri saa nne kwenye benchi. Aliyetupokea ni msaidizi wake, akatuambia jambo la ushuru "lina wadau wengi". Ndipo nilipokuja kuelewa kwamba kuna mfanyabiashara mkubwa, mwenye maghala na malori, ambaye naye alichangia, na mchango wake ulikuwa mara nyingi ya wetu. Utaratibu ule wa ushuru ulikuwa haumuumizi yeye, maana mzigo wake haupiti mikono mitatu kama wetu. Sisi wadogo tukitozwa mara mbili, bei yake sokoni inakuwa nzuri kuliko yetu. Kwa hiyo ndani ya chungu kimoja cha kampeni tuliweka sisi, na akaweka mtu ambaye faida yake inatoka kwenye hasara yetu. Mpishi akasikiliza aliyeleta kuni nyingi.

Hilo ni la kwanza. La pili lilinikaa kifuani zaidi. Wanachama kumi na mmoja walikuwa wa chama kingine. Hawakuulizwa. Fedha yao ya kuzikana ikanunua mafuta ya msafara wa mtu wasiyemtaka. Wakaondoka kimya kimya, mmoja mmoja, na hadi leo wengine hatusalimiani vizuri. Halafu mwenzetu mmoja akafiwa na mumewe ziwani. Tulipofungua mfuko tulikuta laki moja na elfu arobaini. Tulizunguka na kanga tukichangisha upya, kwa mjane ambaye alikuwa ametoa elfu mbili zake kila wiki kwa miaka sita.

Naomba mnisaidie kufikiri. Sisemi wafanyabiashara tukae mbali na siasa. Siasa ndiyo inayopanga ushuru, soko, leseni, na hata siku za kuvua. Nasema umoja usitoe fedha ya wanachama wote kwa mgombea mmoja. Tutumie njia nyingine. Kikao kijacho ni Jumamosi ya wiki ijayo, nataka niende na hoja zilizoiva.

---

FundiBoti Katonga

Pole mama. Hiyo ya mjane nimeisoma mara mbili.

---

Mchuuzi wa Ujiji

Dada, kwa heshima zote, nina mashaka. Dunia nzima wafanyabiashara wanachangia siasa. Hata uhuru wetu. TANU ilisimama kwa fedha za nani? Mzee John Rupia alikuwa mfanyabiashara, akawa makamu wa rais wa TANU, na mfuko wake uliibeba TANU ilipokuwa haina kitu. Dossa Aziz alitoa gari lake kwa kazi za chama. Wangesema "biashara na siasa tusichanganye", Nyerere angezunguka nchi kwa miguu?

Na mgombea asiyechangiwa na watu wa kawaida kama nyie atachangiwa na nani? Na huyo huyo mwenye malori. Mkijitoa, mnamwachia chungu chote.

---

Mama wa Kibirizi

Kaka wa Ujiji, hoja yako ni nzito, nisiipite juu juu.

Rupia na Dossa walitoa mali zao wenyewe, na kila mtu alijua wametoa. Hawakuchukua mfuko wa kuzikana wa watu 64. Na walichokuwa wanakitafuta kilikuwa cha nchi nzima, siyo paa la kuanikia dagaa. Wewe ukitaka kutoa laki yako mwenyewe kwa mgombea unayempenda, ni haki yako, sitakuuliza. Ninachokataa ni kamati ya watu saba kutoa ya wengine.

La kumwachia chungu mwenye malori, hapo umenigusa, kwa sababu ndilo lililotushawishi mara ya kwanza. Lakini kaka, tulichangia na bado alitushinda. Tukichangia mara mbili ya ile, atachangia mara kumi. Kwenye mnada wa fedha sisi hatutashinda kamwe. Tunachomzidi ni idadi. Yeye ana kura moja.

---

Mnyamwezi wa Kitete

Nipo Tabora, nimefuatilia kwa makini.

Mchuuzi wa Ujiji umeanza na historia, ngoja niiendeleze, maana sehemu yake muhimu ilifanyika hapa kwetu. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu. Mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja, na ili uandikishwe lazima uwe na kipato, elimu au wadhifa fulani. Wengi walitaka kususa. Nyerere aliwashawishi wakubali, na Zuberi Mtemvu akajitoa akaunda chama chake. Ndio ule unaoitwa Uamuzi wa Busara.

Wapinzani wa TANU walikuwa UTP, chama kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za Gavana Twining, kikiwa na walowezi na watu wenye uwezo ndani yake. Fedha walikuwa nazo, na serikali ilikuwa upande wao. Kura zilipopigwa, mwishoni mwa 1958 na mwanzoni mwa 1959, TANU na wale iliowaunga mkono walifagia. Nguvu ilikuwa kadi za wanachama, senti za watu wengi, na akina mama ambao Bibi Titi Mohamed aliwafikia kupitia vikundi vyao vya ngoma. Kwa hiyo dada anaposema idadi, hasemi jambo la kufikirika.

Huku kwetu mambo ya mama wa Kibirizi tunayajua kwa sura ya tumbaku. Mkulima wa Urambo au Kaliua yuko ndani ya chama cha msingi, chama kinakopa pembejeo, tumbaku inauzwa, makato yanakatwa ndipo mkulima anapata chake. Baba yangu alilima miaka ishirini na saba. Msimu mmoja wa uchaguzi kwenye chama chake kulitokea makato ambayo hayakuelezwa mkutanoni, na mwenyekiti baadaye alionekana jukwaani akigombea. Sidai zaidi ya hapo, maana ushahidi sina. Ila baba hakuhudhuria tena mkutano wa chama mpaka alipofariki. Mfuko wa pamoja ukiguswa namna hiyo, watu wanakufa moyo na ushirika wenyewe.

---

Wakili wa Mwanga

Habari za usiku. Niongeze ya sheria, kwa ufupi.

Miaka ya nyuma tulikuwa na kitu kinaitwa takrima. Marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu mgombea kutoa vitu kwa wapiga kura kwa jina la ukarimu wa kiafrika. Mashirika ya haki za binadamu yalikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 vifungu hivyo vikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Hoja ilikuwa rahisi kueleweka: mwenye nacho na asiye nacho hawawi sawa mbele ya mpiga kura kama sheria inamruhusu mmoja kugawa pilau. Kwa hiyo hata zile kreti tatu za soda, mama, msizichukulie kuwa jambo dogo.

Kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Namba 6 ya 2010. Inaweka ukomo wa matumizi ya mgombea na inataka michango inayozidi kiwango fulani itajwe na kutolewa hesabu kupitia chama hadi kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Kuchangia si kosa, bali kuchangia gizani ndiko kunakovunja lengo lake. Swali la kuwauliza wapambe ni hili: mchango wetu utaandikwa wapi, na kwa jina la nani? Wakianza kutazamana, mmepata jibu.

Na kabla ya hayo yote someni katiba ya umoja wenu. Kama inasema mfuko ni wa kufa na kuzikana, kamati haina mamlaka ya kuutoa kwa kazi nyingine hata wakipiga makofi wote.

---

Mchuuzi wa Ujiji

Wakili, huko Marekani mbona kampuni zinamwaga fedha waziwazi na nchi inaendelea?

---

Wakili wa Mwanga

Ndugu yangu, hata Marekani kampuni hairuhusiwi kumpa mgombea wa ngazi ya taifa fedha mkononi. Katazo hilo ni la tangu 1907. Kilichobadilika ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Januari 2010, kesi ya Citizens United, majaji watano dhidi ya wanne. Waliamua kampuni na vyama vya wafanyakazi vinaweza kutumia fedha bila ukomo kumpigia debe mgombea, mradi visipange pamoja naye. Tangu hapo fedha nyingi zimepita kwenye makundi ambayo baadhi yake hayataji wachangiaji. Wamarekani wenyewe wanagombana juu ya hilo hadi leo.

India nao walikuwa na hati fungani za uchaguzi. Kampuni inanunua hati benki, inakipa chama, mwananchi hajui nani kampa nani. Mahakama yao ya Juu ilizifuta tarehe 15 Februari 2024, ikisema mpiga kura ana haki ya kujua. Kwa hiyo wenzetu unaowatolea mfano nao wanapambana na giza hilo hilo la milioni tatu na laki mbili za Kibirizi.

---

Binti Uvinza

Mimi nauliza tofauti. Kwa nini kila mtu anamkimbilia mbunge? Ushuru wa soko, vibanda, ada za mwaloni, vyote vinapita baraza la madiwani. Diwani unakutana naye msibani na kisimani, na kikao cha baraza ni cha wazi, unaweza kwenda kukaa kusikiliza. Ushuru wa mazao ulipopunguzwa 2017 kutoka asilimia tano hadi tatu kwa mazao ya biashara na mbili kwa chakula, ndipo ikawa kazi ya Bunge. Lakini ule wa getini unaowaumiza ninyi uko hapo hapo manispaa.

---

Mama wa Kibirizi

Binti, umenifumbua. Kweli tulibeba shauri la diwani tukalipeleka kwa mtu wa Dodoma.

Na kuna mambo hata mbunge hana uwezo nayo peke yake. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 watu hapa mwaloni walikuwa wanasema "tungekuwa na mtu wetu, lisingefungwa". Lakini kupumzisha ziwa kulitokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Hakuna mchango wa kampeni ambao ungelifungua. Tulichohitaji miezi ile ni mtu wa kuuliza mapema: akina mama wa kuanika wanakula nini miezi mitatu, mikopo yao ya vikundi inasogezwaje mbele? Swali hilo halikuwa na mwenyewe kwa sababu sisi wenyewe hatukuwa tumeliandika popote.

---

Mnyamwezi wa Kitete

Hapo ndipo penyewe. Tazameni Kariakoo. Mei 2023 walifunga maduka kwa sababu ya kero za kodi, Waziri Mkuu akaenda mwenyewe Mnazi Mmoja kuwasikiliza hadharani, mbele ya kamera, kero zikitajwa moja moja. Juni 2024 wakafunga tena kwa sababu waliona ahadi hazijakamilika, na safari hiyo maduka ya miji mingine nayo yakafungwa. Sisemi Kibirizi mgome, dagaa hawasubiri na watoto wanakula kila siku. Nasema wale hawakumwendea mtu nyuma ya nyumba. Walisema madai yao mchana, kwa hiyo wakawa na haki ya kurudi kuyadai mchana.

Ninyi mngerudi kudai milioni tatu zenu kwa nani?

---

FundiBoti Katonga

Mimi ni fundi tu, ila nitasema. Mwaka 2016 manispaa yetu ya Kigoma Ujiji iliteuliwa kuwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 za kwanza duniani kwenye ule mpango wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa, na sisi tukatoka nayo. Nakumbuka tulivyojivunia, jina la Kigoma kutajwa na miji mikubwa. Iliniuma sana. Kwa hiyo watu wa huku kudai mambo yawekwe wazi si jambo la kuazima, tuliwahi kuonwa tunaliweza.

---

Mchuuzi wa Ujiji

Nimewasoma wote. Narudi nyuma hatua moja, siyo zote.

Nakubali mfuko wa kuzikana usiguswe. Nakubali mchango uandikwe. Ila bado naona umoja wenye nguvu unaweza kumuunga mkono mtu hadharani baada ya wanachama kupiga kura ya siri. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, ukurugenzi wa kampuni, mishahara miwili, nyumba za kupangisha. Februari 1991 kule Zanzibar masharti hayo yakalegezwa. ACT-Wazalendo walipozindua Azimio la Tabora 2015 walijaribu kuyafufua kwa namna yao. Lakini hali halisi ya leo ni kwamba mfanyabiashara mkubwa anaruhusiwa kugombea mwenyewe. Huko Igunga, Rostam Aziz alikuwa mbunge hadi alipojiuzulu Julai 2011, na kila mtu alijua ni mfanyabiashara. Sasa kama mkubwa anaingia mwenyewe ulingoni, wadogo wakae na karatasi ya maswali tu?

---

Mama wa Kibirizi

Kaka, kwanza asante kwa kurudi hatua hiyo moja. Si wengi humu wanaofanya hivyo.

Kama mwanachama wetu mwenye sifa anataka kugombea udiwani, nitamfanyia kampeni kwa miguu yangu na kwa fedha yangu. Hilo liko wazi. Lakini umoja kumuunga mkono mtu, hata kwa kura ya siri, kwangu bado ni hapana. Tuko 41 sasa, tulikuwa 64. Tukipiga kura ikatoka 25 kwa 16, wale 16 nitawaambiaje waendelee kutoa elfu mbili? Wanakuja kwetu kwa sababu wanaanika dagaa, chama chao cha siasa wamekiacha nyumbani. Nimeshaona wakiondoka kumi na moja. Sitaki kuona tena.

Karatasi ya maswali unayoiona ndogo, mimi naiona hivi. Tunaandika madai yetu, tunayapigia kura sisi wenyewe yapi ya kwanza. Tunawaita wagombea wote wa udiwani wa kata, kila mmoja kwa siku yake au wote siku moja, hapo hapo mwaloni, kwenye harufu ya dagaa. Kila mmoja anajibu mbele ya watu, katibu anaandika, wenye simu wanarekodi. Asiyekuja, jina lake linasomwa kuwa hakuja. Baada ya uchaguzi, aliyeshinda anapelekewa majibu yake mwenyewe. Mwenye malori naye akitaka aje, aulize la kwake mbele yetu, tulisikie.

---

Wakili wa Mwanga

Ninaweza kuja bure kuwaandikia kumbukumbu za kikao hicho na kuzigonga muhuri. Mniambie siku.

---

Binti Uvinza

Mama, la kwanza kwenye orodha liwe paa la chanja au ushuru?

---

Mama wa Kibirizi

Jana jioni nilizunguka nikiwauliza akina mama, hata wawili kati ya wale kumi na moja walioondoka. Walinipokea, ingawa mmoja hakunikaribisha kuketi. Wengi wanasema paa kwanza, maana mvua haziko mbali. Mjane niliyemtaja yeye anataka liwekwe jingine kabisa: kwamba hesabu ya mfuko isomwe kila mwezi kwa sauti, mbele ya wote, kabla hatujamwuliza mgombea swali lolote.

Nimeliandika la kwanza.